Mwenye Nyumba Naye Ana Mwenye Nyumba

Mimi ni mpangaji, na pia ni mwenye nyumba. Naishi Sinza kwenye chumba na sebule cha mtu, na kule Kivule kuna watu wanne wanaoishi kwenye vyumba vyangu. Kila baada ya miezi sita simu yangu inaita. Namwamkia baba mwenye nyumba wangu, anaitikia marahaba, anauliza hali ya kazi, halafu anafika pale tunapopajua wote wawili: "Binti yangu, siku zinakaribia." Nikikata simu nafungua daftari kuangalia nani wa Kivule siku zake nazo zinakaribia.

Kwa miaka kumi nimeandika habari za ardhi na makazi gazetini. Nimewahoji madalali, maofisa ardhi, watu waliobomolewa na watu waliouziwa kiwanja kimoja watatu. Lakini swali ninalotaka kuuliza leo sikulipata kwenye kazi. Nililipata kwa mpangaji wangu, mama wa chumba namba tatu, na nimekaa nalo tangu mwaka 2020.

Swali lenyewe ni hili: ni haki kujipatia kipato kwa sababu mtu mwingine anahitaji mahali pa kulala? Na kama ni haki, mipaka yake iko wapi?

Nianze na hesabu, maana ukizungumzia haki ya nyumba bila hesabu utaishia kuhubiri tu. Mwaka 2018 tulinunua kiwanja chenye boma Kivule kwa shilingi milioni 14. Nasema "tulinunua" kwa sababu sehemu kubwa ya hela hiyo ilikuwa kiinua mgongo cha mama yangu, aliyestaafu unesi. Bati, milango, nondo za madirisha, umeme, choo na shimo lake, yote hayo niliyamalizia kwa mkopo wa milioni 10 kutoka SACCOS ya kazini, wa miaka mitatu, marejesho kama 330,000 kwa mwezi. Vyumba ni vinne, kila kimoja 50,000. Vyote vikijaa, 200,000. Maana yake kila mwezi nilikuwa naongeza 130,000 kutoka kwenye mshahara wangu wa uandishi, ambao si unajua wenyewe.

Watu wakisikia una nyumba ya kupangisha wanadhani unalala hela inaingia. Hawaoni gari la kunyonya choo linalokataa kuja kwa sababu mvua imeharibu njia. Hawaoni fundi aliyekula hela ya koki, wala simu ya saa tano usiku kwamba chumba namba moja na namba nne wanataka kupigana kwa sababu mmoja ana pasi na mwingine hana, na LUKU ni moja. Nilikuwa naonea fahari mahangaiko hayo. Nilikuwa nikiwaambia wenzangu kazini, "Jamani, kupangisha nako ni kazi."

Ila kuna hesabu nyingine ambayo sikuwa naisema. Mkopo ulipoisha nilikuwa nimerejesha karibu milioni 12. Ukitoa miezi ambayo vyumba vilikaa vitupu, wapangaji walikuwa wameniletea kama milioni 6.3. Yaani zaidi ya nusu ya mkopo ule wamelipa wao. Siku ya marejesho ya mwisho nyumba ikawa yangu na mama. Wale watu saba waliokuwa wameingia na kutoka katika vyumba vile kwa miaka mitatu, hakuna aliyebaki hata na tofali moja.

Hapo ndipo anapoingia mama wa chumba namba tatu. Simtaji jina kwa sababu ya heshima, lakini nikiri pia kwamba wakati ule jina lake nililijua kwenye mkataba tu. Nyumba za kupanga zina ubatizo wake: mtu anakuwa chumba chake. Alikuwa anauza maandazi na mihogo ya kukaanga nje ya shule ya msingi. Ana watoto wawili. Alilipa miezi sita ya kwanza siku ya kuingia, akalipa mwezi mmoja wa dalali, akaleta barua ya serikali ya mtaa. Mpangaji wa kuigwa.

Machi 2020 shule zilifungwa nchi nzima kwa sababu ya korona, na zile za msingi hazikufunguliwa mpaka mwisho wa Juni. Kwangu mimi ilikuwa habari ya kuandika. Kwake wateja wote walipotea kwa siku moja. Miezi yake sita iliisha Aprili. Akanipigia: "Dada, nipokee mwezi mwezi. Nina elfu thelathini sasa hivi, nyingine nitaongezea wiki ijayo."

Kazini kwetu nako matangazo yalikuwa yamekauka, mshahara ukawa nusu. Na baba mwenye nyumba wa Sinza alikuwa ameshapiga ile simu yake. Nikamjibu yule mama kwa ukweli kabisa, na kwa sauti ya upole kabisa: "Mama, nivumilie. Na mimi nina mwenye nyumba, ananidai miezi sita. Nikipokea elfu thelathini nitamwambia nini?"

Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, bila hasira: "Sasa dada, si ndiyo tofauti yetu hiyo. Wewe una wa kumsukumia."

Nilimpa wiki mbili. Kabla hazijaisha aliondoka alfajiri na watoto na vyombo kwenye guta. Chumba alikuwa amekifagia. Ufunguo alimwachia jirani wa namba nne, pamoja na shilingi elfu nne, mchango wake wa LUKU aliokuwa anadaiwa na wenzake. Kodi hakuacha kitu.

Ile elfu nne ilinisumbua kuliko kodi. Mtu asiye na hela ya kula amepata wapi elfu nne, na kwa nini ameipeleka kule? Nilimuuliza jirani, akaniangalia kama vile nimeuliza kitu cha ajabu. "Ile ya LUKU ni ya watu, dada." Kwa mtazamo wao, wa ndani ya nyumba, deni kwa mtu aliyewasha taa ukaona, aliyekushikia mtoto ulipokwenda sokoni, hilo ni deni la kweli. Deni kwangu lilikuwa kitu kingine. Lilikuwa kama nauli: usipokuwa nayo unashuka.

Kile chumba kilikaa kitupu miezi mitatu. Elfu thelathini niliyoikataa ilikuwa zaidi ya sifuri niliyoipata. Mtu angeweza kumalizia hapa na kusema, unaona, huruma inalipa, ukatili haulipi. Naikataa tamati hiyo. Tuseme chumba kingepata mtu kesho yake, tena kwa elfu sitini. Ningekuwa nimefanya vizuri? Kama jibu langu kuhusu haki linategemea kama chumba kilikaa kitupu au hakikukaa, basi sijazungumza juu ya haki bado. Nimezungumza juu ya biashara, na biashara ina walimu wake.

Turudi kwenye maneno ya yule mama. Kumsukumia mtu. Mwenye nyumba wangu wa Sinza ni mzee aliyestaafu. Bila shaka naye kuna anayemdai, labda hospitali, labda mtoto yuko chuo. Ananisukumia mimi. Mimi namsukumia mama wa maandazi. Kila mmoja wetu akiulizwa ataonyesha kidole juu na kusema, si mimi, ni yule. Na ni kweli! Hakuna muongo katika mlolongo huo. Lakini mlolongo una mwisho, na mwisho wake ni mtu anayeuza mihogo mbele ya shule iliyofungwa. Shida inayoteremka ngazi namna hii haipungui kwa kuwa kila mmoja ameipitisha kwa upole. Inafika chini ikiwa nzima.

Wapo watakaosema, tatizo ni soko. Nami nilisema hivyo. Ila nakumbuka jinsi "soko" lilivyopanga bei ya vyumba vyangu. Dalali alikuja, akasimama uani dakika kumi, akagonga ukuta, akachungulia choo, akasema, "Huku chumba kama hiki ni hamsini." Soko ndio hilo. Dalali mwenyewe analipwa kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo bei ikiwa juu naye anapata juu. Mpangaji hakuwepo katika kikao hicho.

Nadhani kodi ya chumba, ukiifungua kama kifurushi, ina vitu vitatu ndani yake, na sisi wenye nyumba tunavikunja pamoja ili tusiulizwe.

Cha kwanza ni kazi na gharama: tofali, saruji, mkopo, kunyonya choo, hofu ya kudhulumiwa, usiku wa kusuluhisha ugomvi wa pasi. Hiki sioni aibu kukidai. Mtu anayefika Dar leo na begi moja hahitaji kiwanja, anahitaji chumba, na mtu fulani lazima awe amekijenga. Mji huu umejengwa na nyumba za vyumba sita zenye ukumbi katikati na choo uani. Shirika la Nyumba la Taifa limekuwepo tangu 1962, na bado watu wengi wa hali ya chini wamelala kwenye nyumba za watu binafsi, wajane na wastaafu wakiwemo.

Cha pili ni mahali. Bomba la maji lilipofika mtaani kwetu nilipandisha kodi kutoka 50,000 hadi 60,000. Kila mtu alifanya hivyo. Lakini mimi sikuchimba mtaro hata wa hatua moja. Miaka yote ya nyuma waliokuwa wakinunua dumu na kubeba kichwani walikuwa wapangaji, mimi nilikuwa Sinza nikioga kwenye bafu la mzee. Maji yalipokuja, nafuu ilipaswa kuwa yao. Nikaikata elfu kumi kabla haijawafikia. Adam Smith, ambaye watu wa biashara hupenda kumtaja, katika kitabu chake cha mwaka 1776 hakuwa na huruma hata kidogo na wenye ardhi, akiona kwamba wao ni tabaka linalopokea mapato bila kutoa kazi wala kuumiza kichwa. Nilipomsoma chuoni nilidhani anawasema mabwana wa Uingereza wenye makasri. Kumbe na sisi wa vyumba vinne Kivule tumo, kwa ile elfu kumi.

Cha tatu ni uwezo wa kusema "toka". Hiki hakiandikwi kwenye mkataba ule wa kununua stationery, lakini ndicho kinachofanya vingine vilipwe. Mpangaji anaponisalimia kwa heshima iliyozidi, anaponiita "mama mwenye nyumba" na mimi sina mtoto wala ndoa, najua anaongea na kitu hicho cha tatu. Mwanamke wa miaka sitini ananiita mama. Lugha yetu imechukua neno la undugu ikalifunika juu ya uhusiano wa hela, na wote tunajifanya hatuoni.

Jambo hili la undugu kugeuka risiti si geni pwani. Mwaka 1928, mwaka uleule Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi santuri, wakazi wa Ng'ambo ya Unguja waligoma kulipa kodi ya ardhi. Wengi wao nyumba zilikuwa zao, za udongo na makuti, lakini ardhi chini yake ilikuwa ya wengine. Mwanahistoria Laura Fair, aliyeueleza mgomo huo katika kitabu chake *Pastimes and Politics* cha mwaka 2001, anaonyesha kwamba zamani watu walijenga pale kwa uhusiano: huyu alikuwa mtumwa wa nyumba ile, yule ni mfuasi wa bwana fulani, na walichotoa kilikuwa heshima na utii zaidi kuliko fedha. Ardhi ilipopanda thamani, wenye ardhi wakataka fedha, kisha fedha zaidi. Sitamani utii ule wa zamani urudi. Ulikuwa na utumwa ndani yake. Lakini naelewa hasira ya mtu aliyekuwa ndugu asubuhi na jioni akawa mdaiwa. Mama wa chumba namba tatu alikuwa akiniita dada. Mimi nilimjibu kama mdai, ila nikaendelea kumwita mama.

Kuna wakati nchi hii ilijaribu kulijibu swali langu kwa amri. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Kilikuwa kitu kimoja na kumiliki hisa, kuwa mkurugenzi wa kampuni ya kibepari, au kupokea mishahara miwili. Na waandishi wake hawakuwa wajinga: walieleza kwamba kiongozi maana yake ni mtu pamoja na mkewe au mumewe, ili mtu asifiche nyumba kwenye jina la mwenzake. Miaka minne baadaye, Aprili 1971, sheria ikaruhusu serikali kutwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, yakapelekwa kwa Msajili wa Majumba.

Nimekuwa nikiwaza sana juu ya Bibi Titi Mohamed. Alikuwa mmoja wa watu walioijenga TANU mtaa kwa mtaa, hasa kwa wanawake. Masharti ya Azimio yalipokuja aliyapinga na mwaka huohuo wa 1967 akajiuzulu. Alikuwa na nyumba za kupangisha. Nilipokuwa mwanafunzi niliona hiyo ni doa kwake. Sasa nina mama mstaafu, naiona kwa jicho jingine. Mwanamke wa kizazi kile, asiye na shahada wala pensheni nono, angejiwekea akiba ya uzeeni wapi zaidi ya kwenye ukuta? Wakati huohuo naielewa hofu ya Azimio. Anayetunga sheria za nyumba akiwa mwenye nyumba hawezi kumsikia mpangaji vizuri. Masikio yake yana kazi nyingine. Mwaka 1991 CCM ilikutana Zanzibar ikalegeza masharti yale, na tangu hapo swali halikujibiwa tena, liliachwa tu. Leo ukimwambia kijana wa Dar kwamba kulikuwa na wakati kupangisha nyumba kulimwondolea mtu sifa ya uongozi, anacheka. Kwake kupangisha ndiyo sifa yenyewe.

Hata fasihi yetu imetuachia pengo hapa. Tunaye Mwinyi Fuad wa Shafi Adam Shafi katika *Kasri ya Mwinyi Fuad* ya mwaka 1978, bwana mwenye mashamba na kasri, ambaye msomaji hapati tabu kumchukia. Tunaye Tumaini wa Kezilahabi katika *Dunia Uwanja wa Fujo* ya mwaka 1975, anayepambana na siasa ya Azimio hadi anaua. Hao ni wakubwa. Mwenye nyumba mdogo, mwalimu mwenye vyumba vitatu uani, muuguzi mstaafu mwenye fremu mbili, mwandishi wa habari mwenye deni la SACCOS, huyo mara nyingi huja kwenye hadithi kama mlango unaogongwa tu: anadai, anafoka, anaondoka. Ningependa kusoma riwaya inayomfuata mpaka kwake, tuone naye anagongewa na nani. Si kwa ajili ya kumtetea. Ni kwa sababu uovu wa watu wadogo ndio tunaouishi wengi, na hatuna hadithi za kutosha za kujitazamia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naamini ni baya kwa hakika, si kwa wasiwasi. Ni kodi ya miezi sita.

Fikiria. Mimi nafanya kazi mwezi mzima ndipo nalipwa. Maana yake kwa siku thelathini nimemkopesha mwajiri jasho langu. Sawa. Mama wa maandazi anauza leo anakula leo. Lakini kabla hajalala usiku mmoja kwangu amenipa 300,000 kwa miezi ambayo bado haijafika. Huo ni mkopo. Maskini anamkopesha mwenye nyumba, bila riba, bila dhamana, na akichelewa kukopesha tena anafukuzwa. Na hela yenyewe ameipata wapi? Kwenye kikoba, kwa riba. Niliujua ukweli huo kwa sababu mpangaji wangu wa namba moja, kijana fundi simu, aliniambia wazi: kila ikifika miezi sita anakopa, analipa kwa miezi mitano, anapumzika mmoja, anakopa tena. Ile hela niliyokuwa naiona nyingi mara moja kwa mwaka mara mbili, imepita kwanza mikononi mwa mkopeshaji.

Huyohuyo kijana ndiye aliyenifundisha jambo la pili. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida ilipoanza. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Lakini anayenunua umeme Kivule ni nani? Wao. Serikali ilisema mpangaji na mwenye nyumba wamalizane. Mimi sikumaliza na mtu, nilinyamaza. Kijana akapiga hesabu akaniletea kwenye karatasi: "Dada, hii ni yako, tumekulipia." Elfu moja gawanya kwa vyumba vinne ni mia mbili hamsini. Hakuna atakayefilisika. Lakini Kiswahili kina neno moja tu, kodi, kwa kile ninacholipa serikalini na kile wanachonilipa wao, na hapo nikaona jinsi ilivyo rahisi moja kuingia ndani ya nyingine. Nilikuwa nimewasukumia mpaka kodi yangu ya serikali, na mimi ndiye ninayeandika tahariri kuhusu uwajibikaji.

Basi nikabadilisha mambo kadhaa. Mpangaji mpya analipa miezi miwili ya mwanzo, kisha mwezi kwa mwezi. Sipandishi kodi ndani ya mwaka, na nikitaka kupandisha natoa taarifa ya miezi mitatu kwa maandishi. Ile ya majengo naikata kwenye kodi ya Desemba. Mtu akikwama tunakaa tunaandikiana atalipaje. Na majina nayajua, wote wanne.

Nisijipake mafuta. Mwaka jana mpangaji mmoja alikaa miezi miwili bila kulipa akiniahidi kila Jumatatu, akaondoka na soketi mbili na koki ya bomba. Nilikasirika sana. Dalali alinicheka: "Si umewazoesha." Nilitamani kurudi kwenye miezi sita siku hiyohiyo, na nilikuwa na sababu nzuri kabisa. Ukweli ni kwamba kulipwa kabla kunamlinda mwenye nyumba na hatari ya kweli. Hoja yangu haijawahi kuwa kwamba hatari haipo. Hoja ni nani abebe. Mimi nikipoteza miezi miwili ninapata hasira na soketi mpya. Yeye akibeba hatari hiyohiyo anapoteza mahali watoto wanapolala. Mwenye mgongo mpana zaidi abebe zaidi. Sijaweza kupata hoja ya kuliangusha hilo, na nimejaribu, maana lingenifaa likianguka.

Niliyeshindwa kumjibu ni mama yangu. Mkopo uliisha, na sasa kodi ya Kivule ndiyo inayomnunulia dawa za presha na kuongezea pensheni. Nilipomweleza kwa furaha utaratibu wangu mpya, alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga kanga vizuri, akauliza: "Hiyo huruma yako, mwanangu, unaitoa mfukoni mwa nani?"

Sikuwa na jibu. Soketi na koki na miezi miwili iliyopotea vilitoka kwenye dawa zake. Yaani hata wema wangu nilikuwa nimemsukumia mtu. Nilidhani nimeshajitoa kwenye ule mlolongo, kumbe nilikuwa nimegeuza upande tu: badala ya kusukuma kwa mama wa chumba namba tatu, nilisukuma kwa mama yangu mwenyewe, na yeye hakuwepo kwenye kikao, kama vile wapangaji hawakuwepo dalali alipopanga bei.

Tulikubaliana hivi, mimi na mama: hasara yoyote inayotokana na utaratibu wangu nailipa mimi kutoka kwenye mshahara, na yeye anapata kiasi chake kilekile kila mwezi, chumba kiwe na mtu au kiwe kitupu. Ni mpango wa kifamilia, hauwezi kuwa sera ya nchi. Kuna mwezi nimeshindwa kuutimiza, nikamuomba anivumilie, na nikajisikia nikitumia sauti ileile ya upole niliyoitumia 2020.

Mama wa namba tatu sijamwona tena. Niliwahi kumuulizia kwa jirani wa namba nne, akasema alisikia yuko upande wa Chamazi na bado anauza maandazi, hana uhakika. Sina namba yake. Ile niliyokuwa nayo haipatikani. Nilichonacho ni mkataba wake, uko kwenye faili pamoja na risiti ya miezi sita ya kwanza, 300,000, imelipwa yote.

Wiki iliyopita baba mwenye nyumba amepiga. Tumesalimiana, ameuliza kazi, kisha akasema kuanzia Julai chumba na sebule kinaongezeka elfu thelathini kwa mwezi, hali ngumu, binti yangu. Nikamwambia nimesikia, baba. Nilipokata simu mkono ulikwenda wenyewe kwenye daftari la Kivule. Nililifungua, nikasoma majina manne, nikapiga hesabu ya elfu thelathini gawanya kwa nne, ambayo ni elfu saba na mia tano kwa kila chumba. Kisha nikalifunga. Bado sijajua hiyo elfu thelathini nitaitoa wapi, na Julai si mbali.